Damu na limfu, zinavyotembea mwilini

Damu kila mtu anaijua, limfu, yaani majimaji yanayopita kwenye mishipa yake yenyewe, wengi hawana habari nayo kabisa. Damu inasukumwa na moyo, kama lita 5 kwa dakika ukiwa umetulia, inazunguka inarudi palepale. Limfu haina moyo wake bwana, inategemea kuta za mishipa yake zinavyojikaza, misuli ukitembea, pumzi, na vali ndogondogo za kuizuia isirudi nyuma, so inaenda taratibu na njia ni moja tu: inaokota maji yaliyovuja kwenye kapilari (vile vimishipa vyembamba vya damu), yanachujwa kwenye tezi za limfu, halafu yanarudishwa kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) chini ya shingo. Ukiwa na kidonda mguuni hebu shika kinena, ule mtoki unaouma ni tezi ya limfu, seli nyeupe zinapigana humo!