Ripoti ya mwanangu, mkono wa mtoto mwingine

Ripoti ninayo hapa mezani. Kurasa tatu, jina la mwanangu juu kwa herufi kubwa, na ukurasa wa pili kuna sentensi hii: "Mtoto anatumia mkono wa kushoto." Mwanangu anaandika kwa mkono wa kulia tangu siku aliyoshika penseli. Nimempeleka kwa yule mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayesaidia watoto kumudu shughuli za kila siku kama kuandika, mara mbili kwa wiki, wiki nyingi tu, wamekaa chumba kimoja, meza moja, na bado hajui mtoto anatumia mkono upi?

Nilirudi kumwuliza. Hakuinua hata uso kutoka kwenye simu. "Mama, hilo ni kosa dogo la uchapaji." Dogo! Usiku ule niliisoma ripoti yote upya na sikuwa na hakika na mstari hata mmoja. Huyu "mwenye mabega dhaifu" ni wangu? Huyu "anayechoka upesi" ni wa nani? Basi kuna mzazi mwingine mahali fulani ameshika karatasi zinazomhusu mwanangu.

Kilichotupeleka pale ni mwandiko. Mwulize kwa mdomo, atakujibu mpaka ushangae. Mwambie anakili sentensi moja ubaoni, herufi zinapanda juu ya mstari, zinashuka, maneno yanagandana, penseli inatoboa karatasi. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Mvivu. Arudie." Akarudia mpaka kidole cha kati kikaota sugu, na mimi nikiwa nimesimama nyuma yake namhimiza. Hilo linaniuma hadi leo. Macho tulishampima, akasoma chati yote, tukaambiwa ni mazima.

Sasa tiba yenyewe. Kutambaa kwenye handaki la kitambaa, kurusha mpira, kutunga shanga, kufinyanga. Sisemi hayo hayana maana, maana mtoto mwenye mikono dhaifu huyahitaji. Lakini penseli ilikuwa wapi? Mwandiko haunyooki mtoto asipoandika. Kila nikiuliza naambiwa "tunajenga msingi kwanza". Msingi wa wiki zote hizo?

Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba msimpeleke mtoto wenu kule. Nimefuta, kwa sababu ya dada mmoja aliyekuwa anajifunza kazi pale.

Siku hiyo mtaalamu hakuja, akashika zamu yeye. Kitu cha kwanza akampa daftari anakili. Wala hakutazama daftari, alikuwa anamtazama mtoto usoni. Baadaye kidogo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, umeona anavyolalia mkono? Anafunika jicho moja." Akachukua penseli, akaisogeza taratibu kuelekea pua ya mwanangu. Macho yanayoshirikiana vizuri huifuata mpaka sentimita chache tu kutoka puani. Ya mwanangu yaliifuata ikiwa bado mbali, na ilipofika kama urefu wa kiganja, jicho la kulia likateleza kwenda nje. Naye akasema kama mtu anayetaja jina lake, "Sasa ziko mbili."

"Na herufi za kitabuni?"

"Zinakuwa mbili pia. Halafu zinaingiliana."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Nilidhani watu wote wanaona hivyo."

Nililia palepale. Ile chati husomwa mita 6 mbali, jicho moja baada ya jingine. Haiwezi kuonyesha macho mawili yanavyokutana kwenye daftari.

Yule dada hakujifanya daktari. Alituandikia barua kwenda kwa mtaalamu wa macho anayepima jinsi macho yanavyoshirikiana, na kweli, shida ilikuwa ni kushindwa kuyakutanisha kwa karibu. Tulidhani mtaalamu huyo wa macho atatuambia tumsogezee penseli puani nyumbani basi. Akatueleza kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, watoto 221 wa miaka 9 hadi 17, wiki 12. Waliofanya mazoezi kliniki na kuyaendeleza nyumbani, karibu robo tatu walipona au kupata nafuu. Wa penseli ya nyumbani peke yake hawakufika nusu. Tukakubali safari za kliniki.

Dada naye akashughulikia mwandiko. Ubao ulioinama kama nyuzi 20 juu ya meza, miguu ya mtoto iguse sakafu, penseli fupi, mistari mipana, na sentensi ya kunakili iwekwe kando ya daftari badala ya kwenye ubao wa darasani. Na kuandika kwenyewe, dakika 10 kila siku. Mwandiko bado si mzuri, lakini sasa anaweka kidole baada ya kila neno ili apate nafasi, na mimi nasoma alichoandika bila kumwuliza.

Kwa hiyo nendeni, ila mwulizieni dada yule. Ningewapa hata nyota nne kwa ajili yake. Nilikuwa nimeamua hivyo, mpaka juzi ripoti iliyorekebishwa ilipoletwa. Wamebadilisha neno moja tu, "kushoto" limekuwa "kulia". Kuhusu macho hakuna hata mstari. Nyota moja.