Sola ya nyumbani: ipi inarudisha pesa, ipi ya kuiacha

Kabla ya kuuliza bei ya paneli, soma mita yako. Wiki moja tu: jua likichomoza na jua likizama, andika namba daftarini. Nilipofanya hivyo nilikuta nyumba yangu inakula uniti 5 kwa siku, na 3 kati ya hizo ni za mchana: friji, pampu ya maji na pasi. Hizo 3 ndizo zilizoniamulia. Umeme wa jua unaotumika papo hapo ndio wa bei nafuu; ukishauweka kwenye betri, unaulipia mara ya pili.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa paneli zilizounganishwa na gridi, bila betri. Paneli ya wati 400 ikipata saa 5 za jua kali hutoa uniti 2 kwa hesabu ya karatasi. Ukitoa joto, vumbi na kinachopotea njiani, weka 1.5. Kwa hiyo paneli mbili zinakaribia matumizi yangu ya mchana. Lakini sikiliza vizuri: gridi ikikatika, inveta ya aina hii (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) hujizima, ili umeme usirudi kwenye nyaya ukamdhuru fundi aliye juu ya nguzo. Muulize muuzaji jambo hili kabla hujatoa hata senti.

Kwenu umeme ukikatika kila mara, basi chukua nafasi ya pili: inveta ya mseto, inayofanya kazi na gridi na betri pia, pamoja na betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti (LiFePO4). Inachajiwa na kutumika mara 3,000 na zaidi, na unaweza kutumia hadi asilimia 80 ya chaji yake bila kuiumiza.

Asiye na gridi kabisa analinganisha sola na mafuta ya jenereta, na hapo sola hushinda mapema.

Mwisho kabisa naweka vifurushi vya bei ya chini vyenye betri za asidi. Ukiishusha betri hiyo chini ya nusu kila usiku, haifiki mbali. Utanunua nyingine wakati mwenye lithiamu hata hajaanza kuwaza kubadilisha.

Kisha panda juu ya paa saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Paneli zikiungwa kwa mfululizo, kivuli cha tawi moja juu ya paneli moja kinaweza kuvuta chini mstari mzima. Kata tawi au hamisha paneli.

Sasa gawanya gharama yote kwa akiba ya mwaka mmoja. Paneli hudumu miaka 25 na zaidi, ila inveta ni miaka 10 hadi 15, kwa hiyo jumlisha na inveta ya pili. Jibu likiwa chini ya miaka 10, na paa ni lako, nunua. Likizidi 15, pesa hiyo anza nayo kwenye friji isiyokula umeme mwingi.