Nidra: Kifaa cha Kutuliza Miguu Isiyotulia Usiku

Ndugu watazamaji, karibuni. Hivi viwili nilivyovifunga chini ya magoti vinaitwa Nidra, vinatengenezwa na kampuni ya Noctrix Health ya Marekani, na nakiri kwamba ni muda mrefu sijakifurahia kifaa cha tiba kiasi hiki. Uzito, rangi na betri nitaviruka, maana havimsaidii mtu ambaye kila anapojinyoosha kitandani miguu humwashawasha kwa ndani na kumlazimisha ainuke atembee. Mwenye ugonjwa wa miguu isiyotulia ana swali moja tu, nalo ni kama atalala.

Kitu kimoja nataka mkitazame kwa makini, kwa hiyo nasogeza kamera. Upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, kuna kifundo cha mfupa ambacho mshipa wa fahamu wa peronea hukizunguka ukiwa karibu sana na ngozi, na ndiyo maana ukijigonga hapo ganzi hushuka hadi juu ya wayo. Elektrodi za kifaa, yaani vibandiko vinavyopitisha umeme, hukaa papo hapo, kwenye miguu yote miwili. Sasa nabonyeza kitufe. Tazameni kidole gumba cha mguu: hakiruki. Tazameni wayo: hautikisiki. Lakini ninapoubonyeza msuli wa mbele ya muundi naukuta umejikaza kidogo, na unabaki hivyo bila kulegea na kukaza tena. Naongeza kiwango hatua moja. Bado hakuna kurukaruka. Ninaupanga kila mguu peke yake, kwa kuwa mguu mmoja huweza kuvumilia zaidi ya mwingine, kisha naendelea kuzungumza nanyi kana kwamba sikuvaa kitu.

Mkazo huo usiokatika ndio siri yote. Mgonjwa hupata nafuu anapotembea, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo na ubongo, lakini anayetembea hawezi kulala. Kifaa hiki kinapeleka taarifa zinazofanana na hizo mguu ukiwa umetulia kitandani, kwa kipindi cha dakika 30, kisha kinajizima chenyewe.

Hapa naomba niseme neno kuhusu mashine za TENS, zile za kutuliza maumivu kwa umeme kupitia ngozi, zile ambazo wauzaji wengine wa mtandaoni wamezibandika maneno "miguu isiyotulia" bila kubadilisha chochote ndani yake. TENS za kawaida hutoa mipigo ambayo aghalabu haizidi mia moja na ushee kwa sekunde, na mtu huisikia kama mchomo au mtekenyo. Nidra hutumia umeme wa takriban hezi 4,000, yaani mara 4,000 hivi kwa sekunde. Inaniudhi kuona vitu viwili tofauti kiasi hicho vikiuzwa kwa ahadi moja, hasa kwa mnunuzi ambaye hajalala vizuri na yuko tayari kununua chochote.

Baada ya furaha hiyo yote, tuzipokee takwimu kwa utulivu. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikiruhusu kifaa hiki mwaka 2023, na utafiti uliokipa nguvu, uitwao RESTFUL, ulihusisha watu 133 ambao dawa hazikuwatosha. Baada ya wiki nane, asilimia 45 ya waliotumia kifaa halisi walionekana kupata nafuu ya wazi, dhidi ya asilimia 16 ya waliovaa kifaa cha bandia. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini waliopata nafuu hawakufika hata nusu, na anayewaambia kwamba kifaa hiki humponya kila mtu hajausoma utafiti wenyewe. Hata hivyo, nikikilinganisha na dawa za ugonjwa huu kama pramipeksoli na ropiniroli, ambazo kwa baadhi ya watumiaji wa muda mrefu huyafanya mahangaiko yaanze mapema zaidi jioni na kupanda hadi mikononi, narudi kukipenda. Mwongozo wa wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani uliotoka mwaka 2025 hauzipendekezi tena dawa hizo kama tiba ya kawaida, na umeutaja msisimuo wa umeme wa mshipa huo wa fahamu wa peronea miongoni mwa njia za kufikiriwa.

Kuhusu bei, msiangalie ile ya mwanzo peke yake. Vibandiko vya jeli vinavyogusa ngozi huchakaa na lazima vibadilishwe, kwa hiyo gharama inaendelea. Aidha, kifaa hiki hutolewa kwa agizo la daktari, na mwenye kisaidia moyo au kifaa kingine cha umeme mwilini asikiguse kabla ya kuzungumza naye. Mkiwa huko, ombeni kipimo cha feritini, protini inayoonyesha akiba ya madini ya chuma mwilini, kwani kwa mtu mzima mwenye ugonjwa huu kiwango cha nanogramu 75 kwa mililita au chini yake kinatosha kumfanya daktari afikirie kuongeza madini ya chuma, na hilo huenda likawagharimu kidogo kuliko hivi nilivyovaa.

Wengi mmeomba niichambue mikeka ya mtetemo inayowekwa chini ya miguu. Hiyo ndiyo zamu ya video ijayo, kwa hiyo jiandikisheni kwenye chaneli, na mwandike kwenye maoni kama miguu yenu huanza kusumbua jioni mkiwa mmekaa au mkishapanda kitandani, ili nijue saa ya kuijaribu.