Canon EOS 2000D na lenzi ya 50: miezi kumi na minne sebuleni kwetu, Tanga

Nyumba yetu iko Ngamiani. Sebule ina upana wa hatua nne, dirisha moja linalotazama barazani na taa moja katikati ya dari. Naanza na taa kabla ya kamera kwa sababu hiyo taa ndiyo iliyoamua kipi kinanifaa na kipi hakinifai, na najua nyumba nyingi zimewashwa hivyohivyo.

Kilichonisukuma kununua kamera ni msiba. Mama yangu mzazi alipofariki, tulitaka picha yake ya kutundika ukutani kabla ya arobaini. Zote tulizokuwa nazo zilikuwa za simu, zimepigwa usiku ndani, tena zimeshapita WhatsApp kutoka kwa ndugu mmoja hadi mwingine. Kijana wa studio alijitahidi akaikuza moja hadi A3. Uso wa mama ukatoka kama umepakwa uji, jicho halijulikani linaishia wapi. Niliirudisha nyumbani imeviringishwa, na mpaka leo iko juu ya kabati. Mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Bi Mkubwa, anaishi nasi na umri umeenda. Nikaapa yeye hatabaki na picha za namna hiyo.

Sikujua chochote kuhusu kamera. Shemeji yangu wa Chumbageni ana Nikon D3500, akaniazima wiki mbili. Niseme ukweli: ukiziweka mezani hizi mbili, Nikon inaishinda 2000D. Ni nyepesi mkononi, betri yake imekadiriwa picha 1,550 kwa chaji moja wakati ya Canon ni 500, na inapiga picha tano kwa sekunde, Canon tatu. Kilichonirudisha nyuma ni lenzi. Bodi ya D3500, yaani kamera yenyewe bila lenzi, haina mota ya fokasi (ya kuifanya picha iwe wazi), kwa hiyo lenzi za zamani za Nikon za bei nafuu, kama 50mm f/1.8D (mm ni uvutaji, f/ ni tundu la mwanga, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), zinaingia vizuri lakini hazitafuti fokasi zenyewe. Unabaki unazungusha kwa vidole huku mtoto keshafika mlangoni. Lazima upate zilizoandikwa AF-S au AF-P, zenye mota ndani, na kwa pesa niliyokuwa nayo sikuipata niliyoitaka. Kwa Canon, kila lenzi iliyoandikwa EF au EF-S ina mota yake ndani, na 50mm f/1.8 STM nimeiona karibu kila nilikoulizia kamera zilizotumika. Ukimkuta mtu anauza D3500 pamoja na 35mm f/1.8G ya AF-S kwa bei ya ubinadamu, chukua, usinisubiri mimi.

2000D ilitoka 2018. Ina megapikseli 24.1, skrini ya nyuma haigeuki wala haiguswi, video inaishia 1080. Kwa picha za familia inatosha. Canon na Nikon zimeshahamia kwenye kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless), ndiyo maana hizi za zamani watu wanaziuza zikiwa bado nzima. Bodi na lenzi yake ya 18-55 (inavutika kutoka 18mm inayoona pana hadi 55mm inayosogeza karibu) nilichukua kwa laki nane na nusu. Iko pia 4000D, inafanana nayo kwa sura na bei yake inavutia, lakini ni megapikseli 18, skrini ndogo zaidi, na pale lenzi inapofungwa ni plastiki tupu. Mimi ningengoja mwezi mmoja niongeze pesa.

Sasa hiyo lenzi inayokuja nayo. Ziko aina mbili na watu wengi hawazitofautishi: moja imeandikwa IS na nyingine haina herufi hizo. Tafuta yenye IS, inatuliza mtetemo wa mkono. Mchana, barazani au ufukweni Raskazone, lenzi hii haina tatizo. Watoto wakicheza mchangani wakati wa kaskazi, anga imeng'aa, nimepata picha nzuri sana kwayo, na ile 18mm inaingiza kundi lote la binamu bila kumwacha mtu nje.

Shida ni baada ya magharibi. Mwanangu wa kati anarudi madrasa, anakaa mkekani kumsomea bibi yake alichojifunza. Hiyo ndiyo picha niliyoitaka kuliko zote. Nikavuta lenzi hadi 55mm, na hapo tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nikaipandisha hadi 6400, kamera ikanipa 1/15 ya sekunde ya kupokea mwanga, muda mrefu mno kwa mtu anayesogea. IS ilituliza mkono wangu lakini haimtulizi mtoto, na mtoto anayesoma anayumba huku na huku. Nilipiga zaidi ya arobaini usiku ule. Mkeka umetoka, msahafu umetoka, uso ni wingu.

Lenzi ya 50mm ikifunguliwa f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile f/5.6. Mahali palepale, taa ileile, ISO ileile, 1/15 ikapanda ikapita 1/125. Usiku wa kwanza nilipata picha ya kijana wangu mdomo umefunguka nusu, kidole chini ya mstari, na nyuma yake Bi Mkubwa amefumba macho anasikiliza. Nilikaa jikoni nikaikuza kwenye skrini, kope za mtoto zinahesabika. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, bodi kubwa zaidi au lenzi hii, nunua lenzi hii.

Ina masharti yake. Ukiwa mita moja na mtu, kwa f/1.8 kinachotoka wazi ni kama sentimita mbili na nusu, basi. Jicho la karibu litakuwa wazi, sikio halimo. Kamera ina vituo tisa vya fokasi. Achana na kuiachia ichague yenyewe, weka cha katikati na ukielekeze kwenye jicho. Wakiwa watu wawili bega kwa bega rudi f/2.8, kundi f/4 au zaidi. Halafu tumia tundu la kuchungulia. Ukipigia skrini ya nyuma fokasi inajikokota, na mtoto hangoji.

Sharti la pili ni chumba. Kwenye kamera hizi 50mm inabana, inaona kama 80mm ya kamera kubwa yenye sensa pana (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha). Nikiegemea ukuta wetu, mtu akiwa mita tatu mbele, inachukua upana wa mita moja na kidogo. Watu watatu waliobanana wamejaa. Kwa hiyo, baada ya miezi sita, nikaongeza EF-S 24mm f/2.8 STM, kijilenzi chembamba cha gramu 125. Umbali uleule kinachukua karibu mita mbili na themanini, yaani sebule yote na sinia la pilau katikati. Mwanga wake ni mdogo kuliko wa 50, ila unapita ule wa lenzi ya mwanzo. Siku hizi ndiyo inayokaa kwenye kamera muda mwingi.

Niliambiwa ninunue pia 75-300 kwa kuwa bei yake ni ndogo. Nilijaribu ya jirani. Haina IS, na kwa urefu ule kila pumzi inaonekana kwenye picha. Labda kwa mechi za shule saa nane mchana. Kwangu hapana.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kanzu. Asubuhi ya Idi, baba watoto na wavulana wote wamevaa nyeupe. Kamera inapima mwanga kwa kudhani kila inachokiona ni cha kati, si cheupe wala cheusi. Ikiona kanzu zimejaa mbele inafikiri mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zetu zinakuwa giza, macho na pua havionekani. Nilidhani kamera ni mbovu. Dawa yake ni kitufe cha nyuma kilichoandikwa Av na alama za kujumlisha na kutoa: weka gurudumu la juu kwenye Av, shikilia kitufe hicho, zungusha kigurudumu kidogo hadi +2/3 au +1. Bi Mkubwa akikaa peke yake na buibui lake jeusi limejaza picha, mambo yanageuka, kamera inazidisha, basi shuka -2/3. Flashi ya juu ya kamera naiacha imelala. Inamulika paji la uso na kuchora kivuli cha kila mtu ukutani.

Hapa niwaonye kuhusu fangasi. Lenzi yangu ya kwanza ya 50 niliuziwa na duka moja Dar es Salaam. Nje inang'aa, mfuniko upo, nikailipia nikapanda basi. Nyumbani nilipoimulika kwa tochi ya simu nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa ndani ya kioo kama mizizi ya mchicha. Nikapiga simu, nikaambiwa ni vumbi. Pesa haikurudi. Iliniuma, kwa kuwa ilikuwa pesa ya vikoba. Fangasi hustawi kwenye unyevu na giza, na ikikaa muda mrefu inakula ule utando wa juu ya kioo, hata ikisafishwa alama inabaki. Kwa hiyo kabla hujatoa hela toa mifuniko yote miwili, fungua tochi ya simu, mulika upande mmoja na uchungulie upande wa pili, kwa kuilaza lenzi pembeni kidogo. Ukiona nyuzi au ukungu, irudishe mezani hata kama muuzaji ni ndugu. Bodi nayo ipigie ukuta mweupe kwa f/22: madoa yanayokaa palepale kila picha ni uchafu wa kwenye sensa.

Na ukishanunua, hewa yetu ya pwani inaendelea na kazi yake, hasa masika. Nahifadhi kamera na lenzi ndani ya deli la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika. Zile za kwenye maboksi ya viatu huwa zimeshanyonya unyevu zamani. Nilinunua zenye punje za rangi ya chungwa ambazo zikigeuka kijani nazikausha kwenye sufuria kavu, moto mdogo. Mfuko wa ngozi sitaki kuuona. Tukitoka ufukweni nafuta bodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, na lenzi sibadilishi nje upepo ukivuma.

Lalamiko langu kubwa kwa 2000D yenyewe ni skrini isiyogeuka. Kumpiga mtoto anayetambaa inabidi nilale sakafuni. WiFi ya kupelekea picha kwenye simu ipo, ila ni ya kusubiri. Mimi nachomoa kadi. Programu ya Canon kwenye simu naitumia kwa kazi moja tu: kuweka kamera juu ya friji na kubonyeza nikiwa nimekaa na wanangu, maana mwaka mzima wa kwanza mimi sikuwemo kwenye picha hata moja.

Ile ya A3 nimeshaipata, ila ni ya Bi Mkubwa. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, anasuka ukili barazani, lenzi ya 50, f/2.8, ISO 200. Studio ileile waliitoa bila kuigusa. Ukisogea unaona ukingo wa kila chane ya mkindu, pete ya fedha iliyolika upande mmoja, na kovu la kisu kwenye kidole gumba ambalo hata mwanawe hakuwahi kuliuliza. Siku hizi jua likifika kwenye kizingiti ananiita mwenyewe: "Mwanangu, leo hunipigi?"