Uzoefu wangu: miezi saba na programu ya mzigo wa mazoezi, baiskeli na kazi ya zamu

Nafanya kazi kwenye yadi ya makontena upande wa Changamwe, Mombasa. Ratiba ya zamu hubandikwa ukutani kila Ijumaa, na ikifika Jumatatu ishakuwa karatasi tu. Meli ikichelewa tunakaa, ikiingia tunakesha. Ndiyo maana kila mpango wa mazoezi niliowahi kupakua, ile ya Jumanne kasi, Jumapili safari ndefu, ulinifia wiki ya pili.

Miezi saba iliyopita nikajaribu programu moja ya bure ya kufuatilia mazoezi. Jina nalihifadhi, msije mkasema nimelipwa. Inavuta safari zangu za baiskeli kutoka Strava, programu ya kurekodi mazoezi, na kuipa kila moja pointi, kwa hesabu iliyoenezwa na Andrew Coggan, mwanasayansi wa mazoezi: saa moja ya kukanyaga kwa juhudi kubwa kabisa unayoweza kuishikilia saa nzima ni pointi 100. Halafu inachora mistari miwili. Mmoja ni utimamu, wastani unaokwenda polepole wa siku 42. Mwingine ni uchovu, wa siku 7. Toa uchovu kwenye utimamu, unapata hali yako ya leo.

Mimi nilikodolea macho mstari wa utimamu peke yake, na hapo ndipo nilipojiponza. Nilikuwa na 45. Zikaingia meli mbili zikifuatana, siku kumi sikugusa baiskeli, namba ikashuka hadi 35. Roho iliniuma kama mtu aliyeibiwa. Nikaamua kulipa deni: siku tano mfululizo, pointi kama 120 kila siku, Mtwapa na kurudi, Mtwapa na kurudi. Siku ya tano namba ikasoma 45 tena. Nikachekelea.

Siku ya sita tukapanda Mazeras na mwenzangu wa kazini. Malori ya Mariakani yananguruma kando yetu, mimi niko gia nyepesi kabisa, miguu kama ya kuazima. Akanigeukia: "Kaka, leo vipi, umebeba kontena?" Jioni goti la kushoto likavimba.

Nilipoifungua programu kwa utulivu ndipo nikaona nilichokuwa nakiruka. Utimamu 45, kweli, ila uchovu ulikuwa karibu 70, hali -24. Tena kuna namba ndogo chini ya grafu, kasi ya kupanda kwa wiki, ilikuwa imegeuka nyekundu: pointi 10 ndani ya siku tano. Makocha wengi huona 5 hadi 8 kwa wiki ndiyo mwisho wa busara, na hiyo ni kwa mtu anayelala usiku. Ile 45 ya kwanza niliijenga kwa miezi. Hii ya pili niliikopa.

Tangu hapo nimegeuza hesabu. Sipangi siku, napanga wiki. Nikiwa na utimamu wa 35 na nataka kupanda pointi 4 tu, nahitaji wastani wa 60 kwa siku, yaani kama 420 kwa wiki nzima. Zikae siku gani, ataamua bosi. Wiki ya zamu za usiku nasaka 250 tu, nibaki pale pale nilipo. Na siku iliyopotea imepotea, siihamishii kesho. Hili lilinichukua muda mrefu kulikubali kuliko goti kupona.

Kasoro ipo, tena si moja. Mimi sina kipima nguvu, kile kifaa kinachopima nguvu unayokanyagia, natumia mkanda wa mapigo ya moyo. Wakati wa Kaskazi, joto la Januari na unyevu huu wetu, moyo unakimbia hata ukiwa unajikokota Nyali, na programu inakugawia pointi za bure. Miezi hiyo nazipunguza mwenyewe kwa kichwa. Na mkanda uoshe kwa maji baridi kila ukirudi. Wangu wa kwanza, wa shilingi 4,500, chumvi ya jasho iliumaliza kwa wiki tano, na aliyeniuzia akaniambia nimetokwa na jasho kupita kiasi. Haya.

Kubwa zaidi, programu haijui mtu wa zamu. Nikitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, nikapanda kidogo kabla ya kulala, kisha nikapanda tena jioni baada ya kuamka, kwangu hizo ni siku mbili. Kwake ni tarehe moja. Na saa nane za kusimama juani katikati ya makontena haizihesabu kabisa, wala usingizi wa mchana unaokatwa na kelele za watoto. Kwa hiyo nimeongeza kitu changu: kila safari naandika kwenye maelezo ilikuwa ngumu kiasi gani, 1 mpaka 10. Safari ya pointi 50 niliyoiandikia 8 inaniambia nipumzike, hata mistari iwe ya kijani.

Kwa mwenye ratiba ya ofisi, labda hauhitaji yote haya. Kwa manesi, madereva, mabaharia na sisi wa bandarini, nawashauri mjaribu, mkiwa na subira ya wiki sita hivi, maana mstari wa siku 42 kabla ya hapo haujajaa.

Leo ni Alhamisi. Zimebaki pointi 150 na sijui kesho naingia mchana au usiku. Nimeweka alamu ya saa kumi na nusu alfajiri. Simu ya kazini ikilia kabla yake, basi, zitabaki hizo 150.