Nimejiunganishia deskitopu kwa 1,300,000: nilipobana, nilipoachia na nilipopigwa

Mimi kazi yangu ni kuediti video za send-off na kitchen party, sio zile za kumbi kubwa, hizi za kwetu Mbagala ambazo mteja anataka video Jumatatu na hela anamalizia mwisho wa mwezi. Laptopu niliyokuwa nayo imebandikwa stika ya i5 lakini ndani ni i5-7200U, kori (vichwa vya kufanyia kazi) mbili tu, video ya dakika kumi naiweka irenda, yaani itoe faili la mwisho, naenda kuoga, nakula, narudi iko asilimia sitini na feni inalia kama mashine ya kusaga. Mwezi wa nane 2024 nikapata kazi mbili zilizolipa vizuri, nikasema liwalo na liwe, naunga deskitopu yangu mwenyewe, bajeti shilingi 1,300,000, monita ninayo tayari.

Kwanza niseme ukweli, kama wewe unaandika barua na Excel tu usijisumbue, Kariakoo zimejaa deskitopu za maofisini zilizotumika, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, chukua hiyo ongeza SSD (diski ya kisasa yenye kasi) utafurahi. Mimi nilizikwepa kwa sababu power saplai zake (kiboksi cha kugawa umeme ndani) ndogo na nyingi plagi zake za kwenye madabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, ni za kwao wenyewe, siku ukitaka kuongeza kadi kubwa ya grafiki, ile ya kutoa picha kwenye kioo, unaanza kuhangaika na mawaya ambayo hata fundi hana.

Prosesa, yaani ubongo wa mashine, nilichukua Ryzen 5 5600G ya AMD, 380,000, kori sita, inakuja na feni yake kwenye boksi kwa hiyo hapo hela ya feni imepona. Hiyo herufi G iangalie kwa macho mawili. 5600 isiyo na G haina grafiki ndani, ukichomeka monita kwenye madabodi ni giza mpaka ununue kadi, na kwa upande wa Intel ni kinyume, yenye F mwishoni kama i5-12400F ndiyo haina picha. Duka la kwanza niliwekewa mezani 5600 kavu, nikauliza hii si ya G, jamaa akanijibu "boss hiyo ndo nzuri zaidi ina spidi". Ni kweli ina spidi ila mimi kadi sina, hiyo spidi naiangalia na nini? Nikaaga.

RAM (memori ya kufanyia kazi) ni GB 16, lakini nilichukua mbili za 8 na sio moja ya 16, bei ilikuwa karibu sawa, 130,000. Kwa prosesa inayotumia grafiki ya ndani hili ni la lazima kabisa, maana grafiki inakula humohumo kwenye RAM na ukiweka kijiti kimoja njia inakuwa nyembamba nusu. Nilijaribu kuchomoa kimoja nione, taimulaini ikaanza kukwamakwama kama daladala la asubuhi, nikarudisha haraka. Usishtuke pia ukiona Windows inasema inatumia 13.9 badala ya 16, hujaibiwa, 2 zimekwenda kwa grafiki. Na ukimaliza ingia BIOS, ile programu ya ndani ya madabodi inayoamsha mashine, uwashe XMP, seti ya spidi kamili ya RAM, bila hivyo RAM uliyonunua ya spidi 3200 inatembea na 2133 au 2400 na wewe umekaa hujui.

SSD ya NVMe, ile ya kuchomeka moja kwa moja kwenye madabodi, ya GB 500 ilikuwa 120,000, hapo sina stori.

Sasa power saplai. Keisi niliyoipenda ilikuwa 110,000 na ndani ina power saplai yake imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, muuzaji ananiambia unaongeza ya nini tena wakati hiyo ipo. Nikaomba niifungue niishike. Nyepesi! Kama kopo la maziwa lililokwisha, ukichungulia kwenye matundu unaona kapasita mbili ndogo na hewa, na nyuma ina ile swichi nyekundu ya volti 115 na 230. Hiyo swichi mimi naiheshimu, shemeji yangu alichomeka yake bila kuangalia ikiwa kwenye 115, umeme wetu ni 230, ikalia paa, nyumba nzima ikanuka plastiki ya kuungua na watoto wakakimbilia nje. Nikanunua nyingine pembeni, wati 550 yenye 80 Plus Bronze, cheti cha kutopoteza umeme mwingi, 180,000, nzito kweli mkononi, na ile ya bure nikamwachia muuzaji kaunta. Alicheka akasema vijana mna hela. Sina hela boss, ndo maana siwezi kununua prosesa mara mbili. Nikaongeza na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya 150,000, maana umeme mtaani kwetu unacheza, taa zinafifia halafu zinawaka ghafla, na kurenda dakika ya tisa halafu umeme ukakata ni kitu sitaki tena maishani.

Nilipopigwa ni kwenye madabodi. B450, 220,000, nilimuuliza muuzaji mara mbili kama inapokea 5600G, akasema inapokea Ryzen zote. Nimefika nyumbani, nimefunga kila kitu saa nne za usiku, nimewasha, feni zinazunguka, taa zinawaka, kwenye kioo hakuna kitu. Nikachomoa RAM nikasugua kwa kifutio, nikaweka kijiti kimoja, nikahamisha, nikatoa kale kabetri ka duara nikasubiri nikarudisha, giza. Nililala saa nane najiona mjinga wa mwaka. Asubuhi ndo nasoma vizuri, B450 zilitoka 2018 na 5600G ni ya 2021, madabodi iliyokaa stoo muda mrefu ina BIOS ya zamani ambayo hiyo prosesa haiifahamu, na boksi langu halikuwa hata na stika ya kusema iko tayari kwa Ryzen 5000. Kwa hiyo inapokea ndiyo, ila baada ya kuapdeti, na kuapdeti inahitaji prosesa ya zamani inayowaka. Kuna madabodi zina kitufe cha kuapdeti kwa flashi bila prosesa, yangu haina. Nikarudi dukani wakaniambia hilo sio tatizo lao.

Fundi mmoja wa Kariakoo ndo aliniokoa, kwenye droo ana Ryzen 3 2200G, prosesa ya zamani, ya kufanyia kazi hizi tu. Nilimwangalia anavyotoa feni, alifungua skrubu nne halafu hakuvuta, akaizungusha taratibu kushoto kulia kushoto kulia mpaka ikaachia yenyewe, akaniambia "mdogo wangu ukivuta juu prosesa inakuja nayo imenata, na hizi za soketi AM4 pini ziko kwenye prosesa, ikipinda moja umekwisha". Mimi ningevuta, naapa. Akapaka pesti mpya ya kupitisha joto kama punje ya njegere, robo saa mashine ikawaka, 20,000. Kwa hiyo bajeti nikaivuka kwa elfu kumi, bila kuhesabu bajaji na chipsi.

Ah na nilipofika nyumbani kurudisha madabodi kwenye keisi, nimefunga skrubu zote sita, nageuka naona kile kibati cha nyuma kinachozunguka matundu ya USB kiko juu ya kitanda kinaniangalia. Fungua tena zote.

Sasa hivi video ileile ya dakika kumi inatoka kwa dakika tisa, laptopu ilikuwa inapita dakika 45. Joto la Dar mchana, na feni ya boksi, prosesa inafika nyuzi 82 wakati wa kurenda, mwisho wake ni 95 kwa hiyo sina presha, ila feni unaisikia. Gemu sichezi sana, FIFA za zamani zinakwenda vizuri tu.

Juzi nilienda kuulizia RX 580 ya mkononi, kadi ya grafiki, zilijaa sokoni baada ya Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, kuacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, inakula wati 185 na power saplai yangu inaibeba. Nikamwomba muuzaji aichomeke tufungue GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikasoma kori ndogo za kuchora picha 2048 badala ya 2304, yaani kimsingi ni RX 570 yenye jina la kakaake. Namwonyesha ananiambia ni kitu kilekile, nikamwambia basi na bei iwe ya 570. Hakutaka, nikaondoka, nitarudi tena wiki ijayo nione kama bado iko kwenye kabati.