Kipima unene cha mawimbi ya sauti: nakipa nyota nne, ya tano naibana

Hiki kipima unene cha mkononi nimekizoea kwenye matangi na mabomba ya chuma, na nyota nne nakipa bila kinyongo. Hukati wala hufungui kitu: unapaka jeli, unabandika kichwa cha kupimia, sauti inakwenda hadi ukuta wa ndani na kurudi, namba inatokea kwenye kioo. Ya tano nimeibana kwa sababu ya boksi lake, linalodai kinakuonyesha "hali ya tangi". Hakionyeshi.

Kinachopimwa hasa ni muda. Unene unakokotolewa kwa kasi iliyowekwa ndani yake, mita 5,920 hivi kwa sekunde kwa chuma cha kawaida. Kikikutana na kitu kingine njiani, hakina habari. Tangi moja lililopakwa rangi juu ya rangi lilinisomea milimita 8.4. Nilipopiga msasa papo hapo hadi chuma kikang'aa, ikawa 6.3, na rangi yenyewe haikufika hata milimita moja! Sauti hutambaa kwenye rangi, nacho kinahesabu huo uchelewaji kuwa ni chuma. Vipo vinavyolinganisha mwangwi kwa mwangwi na kuiruka rangi. Hiki si kimojawapo. Bomba la moto nalo hudanganya, asilimia 1 hivi zaidi kwa kila nyuzi 55 za Selsiasi.

Lakini shida kubwa ni vishimo vya kutu. Kichwa cha kupimia kina upana wa kifungo cha shati, na namba unayoiona ni ya hapo chini yake tu. Upana wa kidole pembeni, ukuta unaweza kuwa umeliwa nusu na usijue. Mimi huchora miraba kwa chaki, na pale maji yanapotuama naibana zaidi. Mtu akikuambia "tangi tumelipima", muulize wapi na wapi.

Tena kishimo chenye ncha hutawanya mwangwi: namba inaruka 6.1, 4.0, kisha kioo kitupu. Nimeona mafundi wazuri tu wakisogeza kichwa hadi namba itulie, wakaandika hiyo iliyotulia. Jamani, ile inayorukaruka ndiyo ya kuandikwa!

Nyufa usikiulize kabisa. Ufa uliosimama wima hauna uso wa kurudishia sauti iliyoshuka wima. Dawa nyekundu ya kupenya itauonyesha ikiwa tu umefunguka juu, na unga wa sumaku unataka chuma kinachoshika sumaku, tena sumaku yenyewe uielekeze pande mbili, maana ufa uliolala sambamba na mvuto wa sumaku haujitokezi.

Ukikinunua, tafuta na kipande cha majaribio cha ngazi, chenye unene mbalimbali. Kile kilichobandikwa kwenye mashine kina unene mmoja tu, na kikisoma hicho sawasawa bado hujajua kitasomaje ukuta mwembamba.